Jogoo wa Mtu wa Bima

Jumatatu, 6 Machi 2006

Fridah, najua ni wewe. Umefungua debe la unga, umekuta daftari, unasoma. Huna haya! Krismasi hukuja. Mtoto wako akavunjika paja, hukuja. Ati kazi. Kwani Nairobi hakuna njia ya kutoka? Soma basi. Shule sikuingia. Herufi nilifunzwa gumbaru, masomo ya watu wazima kanisani, na mwanao Wamalwa ndiye hunichongea penseli. Makosa ni ya penseli.

Leo tulikuwa Kitale, kwa watu wa bima ya lile lori lililopinduka naye. Upasuaji walilipa. Vyuma vya pajani walilipa. Mazoezi ya goti wamekataa! Msichana wa mezani alisema mazoezi si matibabu. Nikamuuliza kama yeye alizaliwa akitembea. Akaita askari.

Binti wa mazoezi kule hospitali ya misheni alishatuambia wazi. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa na anayejua, litashika vile lilivyo. Maisha. Kijana mjenzi! Ngazi atapanda na nini?

Kwenye benchi nilimkuta Wamboi. Mume wake Gicheru alikuwa kwenye lori hilo hilo. Yeye mazoezi wanamlipia! Nikamuuliza alitumia dawa gani. Ati alimwonyesha tu mtu wa bima mguu wa mumewe, akanyamaza. Wamboi anyamaze! Anaficha kitu.

Jumatano, 8 Machi

Wamepiga kwa simu ya jirani. Mtu wao, Kinyua, anakuja keshokutwa hapa Kabuchai kuuona mguu kwa macho yake. Akiridhika, watalipa.

Mpango ninao. Magongo nimeficha chini ya kitanda. Majivu nimempaka Wamalwa usoni, kujaribu. Nimemfunza kuugua. Mjukuu wangu akasema, Kukhu, si mguu unauma kweli, wacha auone tu. Nikamwambia maumivu yake ni ya kimya mno, Kitale hayatafika. Akajaribu. Alilia kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. Tulicheka mpaka akashika paja, akaacha kucheka. Nikatoka nje kidogo, nikapangusa macho na leso.

Ijumaa, 10 Machi

Kinyua alikuja. Faili kwapani, viatu vinang'aa. Nilikuwa tayari kumchukia. Akanisalimia kwa mikono miwili, akaniita shosho, nyanya kwa lugha ya kwao. Mtoto wa watu!

Wamalwa aliugua vizuri sana. Kinyua akamuuliza kama anaweza kusimama. Akasema hata kukaa ni shida. Kinyua akaandika, akatikisa kichwa kwa huruma. Tumeshinda! Kisha akafunga faili, akasema anaenda.

Anaenda? Mgeni, nyumbani kwangu, bila kuku? Nikamrudisha kitini. Lakini mimi mwanamke, kuku sichinji. Kwetu hiyo ni kazi ya mwanamume, na wanaume wote wa hapa walikuwa matangani kwa Mukhisa. Nikaita kwa nguvu: Wamalwa! Toka uchinjie mgeni!

Nilisikia mdomo wangu ukisema. Huyo mtoto hajawahi kunikatalia neno, Fridah, tangu uniachie akiwa wa kubebwa mgongoni. Akavuta magongo chini ya kitanda. Akatoka na majivu yake usoni.

Jogoo akamponyoka! Wamalwa akatupa gongo, akaruka na mguu mmoja, ruka, ruka, mpaka akamkamata karibu na miwa. Kinyua alikuwa mlangoni, kalamu mkononi. Ndipo akaanguka. Mguu mbaya ukawa chini yake.

Safari hii hakulia kama mbuzi. Hakulia kabisa. Midomo ilikuwa myeupe. Jogoo bado alikuwa mkononi mwake, akamchinja akiwa amekaa hapo hapo chini. Kinyua ndiye alimwinua.

Kisha tukala. Firigisi nilimpa Kinyua, yeye ndiye mgeni. Akatafuna, akashukuru. Akafungua faili tena.

Jumanne, 21 Machi

Kinyua amepiga. Bima imekataa. Ati mgonjwa anakimbiza kuku, na tena alidanganya. Mazoezi hayahitaji. Akaongeza kwamba kuku alikuwa mtamu.

Nimekuwa nikilikunja goti mwenyewe na mafuta ya ng'ombe. Wamalwa anauma blanketi. Binti wa mazoezi aliponiona alinigombeza mbele ya watu, akasema nitalivunja. Alilipima. Limeanza kushika. Wamalwa alimuuliza kama kuna kazi ya ujenzi ya kufanya umekaa. Akalipima tena.

Lakini binti huyo ana roho. Amewapigia bima, amewagombeza kuliko mimi. Wamekubali kutuma mwingine baada ya Pasaka, daktari anaitwa Kimeli. Mara ya mwisho, wamesema.

Wamalwa amenishika mikono. Kukhu, tafadhali. Safari hii mguu peke yake. Bila majivu, bila magongo kufichwa. Nimeapa. Nimekoma kabisa! Daktari ataona ukweli mtupu, nami nitanyamaza kama Wamboi.

Ila atakuwa ametoka mbali, na njaa. Kuku niliobaki nao ni wembamba, ni aibu. Na wanaume wa hapa siwaamini, hawakosi matanga.

Kwa hivyo Fridah, Pasaka ukija, usiniletee leso wala sukari. Leta jogoo. Mkubwa kuliko yule. Wamalwa atamchinja.