Ada Sita za Gari la Kijivu

Jumanne, tarehe 4

Nimeliona gari! La kijivu, milango minne, viti bado vina nailoni. Lipo kwenye yadi ya magari nyuma ya kituo cha mafuta, safu ya pili, kando ya pikapu isiyo na taa. Nimelizunguka mara tatu kama ninayempima mtu suti. Mabega sawa. Kiuno sawa. Nyuma limebonyea kidogo, lakini na mimi nyuma nimebonyea, na bado natembea.

Sababu ya gari ni goti. Si langu, la mama watoto. Kila baada ya wiki mbili, Jumatano, lazima afike kliniki akanyooshwe. Anayempeleka ni mdogo wake, yaani shemeji yangu, ambaye mimi humwita Bwana Honi. Akifika getini anapiga honi tatu, hata kama tumesimama mbele ya macho yake. Mke wangu anakaa mbele. Mimi nawekwa nyuma, pamoja na jeki na ndoo. Mwaka wa pili huu! Mimi, fundi cherehani niliyeuvisha nusu ya mji, nimepakata ndoo ya mtu.

Basi nimeapa. Jumatano tarehe 12 mama watoto ataenda kliniki kwa gari letu. Pesa ipo. Nusu ni ya cherehani zangu mbili nilizouza, nusu imetoka kwenye bati la biskuti ambamo mama watoto huficha kila kitu.

Nikaingia ofisini kwa madaha. Nikamkuta binti mhasibu, miwani machoni, kalamu sikioni. Akanipa karatasi. Bei ile ile niliyoiona kwenye kioo, lakini chini yake, lo! Ada ya kuandaa gari. Ada ya makaratasi. Ada ya maegesho. Ada ya kung'arisha. Ada ya kukabidhi ufunguo. Ada ya kubadilisha umiliki. Sita! Nikamuuliza huo ufunguo unakabidhiwaje hadi ulipiwe, unaletwa na bendi ya matarumbeta? Akasema ndio utaratibu, babu.

Nimerudi nyumbani nimefura. Hawajui wamemchokoza nani.

Jumatano, tarehe 5

Mpango wa kwanza: uziwi. Kiziwi hadaiwi kitu ambacho hakukisikia. Rahisi!

Nikakaa mbele ya binti, mkono sikioni. Akitaja ada ya makaratasi, namjibu kwamba wajukuu hawajambo. Akipandisha sauti kwenye maegesho, namwambia mvua haikosi kunyesha jioni. Mara nne hivyo hivyo. Nikamwona anaishiwa pumzi, nikajua nimeshinda.

Akachukua kalamu nene. Akaandika ada zote sita kwa herufi kubwa kama bango la mgombea, akazibandika ukutani mbele ya pua yangu. Kisha akanipa mgongo, akasema kwa kisauti kidogo kabisa, kama anayejisemea, kwamba chai imeiva, sijui nani anataka.

Nikasema mimi, sukari vijiko viwili.

Ndicho kilichoniua. Chai ilikuwa nzuri, lakini.

Ijumaa, tarehe 7

Mpango wa pili: vipimo. Nimeenda na tepu yangu ya kushonea shingoni. Anayetoza ada aonyeshe kazi!

Ada ya kung'arisha: nikapitisha kidole juu ya boneti, nikaandika jina langu kwenye vumbi. Likasomeka vizuri hadi nukta ya mwisho. Ada ya maegesho: nikalipima gari urefu na upana, nikatangaza kwamba hata kitanda changu kinachukua nafasi na sijawahi kukidai kodi. Wateja wakaanza kusogea. Mama mmoja akacheka. Mimi mtu akicheka ndiyo nakolea! Nikapanda juu ya tairi bovu, nikasema kwa sauti kwamba nimeshona miaka arobaini na sijapata kumtoza mteja ada ya pembeni hata siku moja.

Mwenye yadi akatoka ndani. Jitu la miraba minne. Akanikazia macho kwanza, kisha akaangua kicheko hadi akajishikiza mlangoni. Akauliza, kwani si mimi fundi niliyemshonea suti ya harusi? Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka, na risiti anayo. Ada ya uzi. Ada ya vifungo. Ada ya pasi. Ada ya haraka. Na ya tano, ada ya tumbo, kwa kuwa nilimwambia mbele ya wakwe zake kwamba tumbo lake linakula kitambaa cha watu wawili.

Eti risiti hiyo aliitunza miaka ishirini na miwili. Alipofungua yadi akaitoa, akaisoma, ikawa ndiyo shule yake. Ada tano kwangu, ada tano kwake. Ile ya sita, akasema, si yake, ni ya serikali. Akanipa mkono mbele ya watu wote, akaniita mwalimu.

Nilishuka kwenye tairi. Tepu nikaikunja.

Nyumbani nikamuuliza mama watoto kama kweli niliwahi kumtoza mtu ada ya tumbo. Akasema, na ya makalio pia, kwa kina mama. Akaongeza kwamba hilo jiko tunalopikia limejengwa na matumbo ya watu.

Sawa. Lakini ile ilikuwa tofauti. Tumbo linaonekana! Maegesho yanaonekana wapi?

Jumamosi, tarehe 8

USHINDI!

Jumamosi yadi hufurika. Saa tatu nilikuwa nimeshaingia ndani ya gari la kijivu, nimekaa kwenye usukani, mlango wazi, miwani puani, orodha mkononi. Nikaanza kuisoma kwa sauti. Darasa la nne nililirudia mara mbili, kwa hiyo mimi nikisoma nasoma kweli, silabi moja moja. A-da ya ku-ka-bi-dhi u-fu-ngu-o. Anayepita anasimama. Anayesimama anauliza. Anayeuliza anaelezwa yote, tangu bendi ya matarumbeta. Kufika saa tano, watu watatu walikuwa wamerudi ofisini kudai nao wafutiwe.

Mwenye yadi akaja akainama dirishani. Jasho linamchuruzika. Akaniomba kwa heshima nishuke. Nikamwambia goti. (Nimeliazima la mke wangu kwa muda.) Akahema. Akasema, mwalimu, ziondoke zote tano, ila utoke kwa geti la nyuma, na wateja wangu usiwapungie hata mkono.

Tano! Nikadai na ya sita.

Hapo binti mhasibu akaja kunieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Zile tano, babu, ni zetu, tumezifuta. Hii si yetu. Ni ya kuliandika gari kwa jina lako. Usipoilipa, kadi ya gari inabaki na jina la yadi. Nikacheka sana. Hata zile tano zilikuwa na maelezo marefu! Nikaazima kalamu yake, nikaikata ya sita kwa mstari mnene. Akaniletea karatasi nisaini kwamba nimeshauriwa nikakataa. Nikasaini kwa mbwembwe, na mkia wa saini nikauzungusha mara mbili.

Kisha akatoa fomu ya kuhamisha gari. Muuzaji ameshasaini. Akataka kuandika jina langu hapo penye mnunuzi, na kwenye risiti pia. Nikamdaka mkono! Wakiandika, si watadai ada ya kuandika? Nikamwambia paache wazi, kote kote. Akanitazama. Akapaacha wazi. Nadhani alikuwa anashangaa akili yangu.

Nimeliendesha mwenyewe hadi nyumbani, gia ya pili mwanzo mwisho. Getini nikapiga honi nne. Nne!

Mama watoto akatoka na mkongojo wake. Akalizunguka. Akakaa kiti cha mbele, akatafuta kile kishikio cha pembeni, kiti kikarudi nyuma, akaunyoosha mguu. Akasema hapa goti halibanwi. Uso wake ulivyokuwa, nilijifanya nakagua tairi.

Makaratasi nikampa ayaweke kwenye bati lake. Akayasoma yote, maana yeye alimaliza shule. Akauliza mbona hapa pako wazi. Nikamsimulia ujanja wangu. Akauliza, kwa hiyo hili gari kwa sasa ni la nani?

Maswali mengine ya ajabu.

Jumapili, tarehe 9

Bwana Honi amekuja kuona. Nilimwacha azunguke. Akapiga tairi teke, akafungua boneti, akaguna. Mwishowe akauliza kadi ina jina la nani. Nikamjibu jina liko njiani. Akasema shemeji, ukisimamishwa na askari wa barabarani na hiyo njiani yako, utalala nayo huko. Nikamwambia wivu hauna dawa, na Jumatano ajiandae kukaa nyuma na ndoo yake.

Akamtazama dada yake. Dada yake akamwita jikoni. Wakanong'ona. Nilimsikia mama watoto anamuuliza kama kesho saa mbili ana nafasi. Mambo ya ukoo wao hayo, siyaingilii.

Jumatatu, tarehe 10

Siku tulivu. Mama watoto ametoka asubuhi na Bwana Honi, eti kuna ofisi anapitia. Na goti lile! Amevaa viatu vya harusi za watu. Amebeba bati la biskuti zima zima, kwapani.

Mimi nimebaki nang'arisha gari. Sabuni, kitambaa, nta. Saa tatu nzima! Mgongo haunyooki, vidole vimekunjamana. Nilipomaliza nilikaa chini nikawaza kwamba pengine ile ada ya kung'arisha...

Hapana. Kanuni ni kanuni.

Mama watoto amerudi saa saba, mchangamfu kama bibi harusi. Kanitengea chakula, kaniongezea mchuzi bila kuombwa. Sijui ni nini. Pengine ni gari. Gari humrudishia mwanamume hadhi yake.

Jumatano, tarehe 12

Sijui nianzie wapi.

Nimeamka nikavaa suti yangu ya kijivu, rangi moja na gari. Nimetoka nje kifua mbele. Bwana Honi amekaa kwenye usukani! Wa gari langu! Nikamwambia ashuke upesi kabla sijasahau kwamba ni shemeji.

Mama watoto akafungua mkoba. Akatoa kadi ya gari, mpya, haina hata kunyanzi. Nikaisoma silabi moja moja. Jina lake. Majina yake matatu yote, hadi la babu yake, ambaye hakuwahi kupanda hata baiskeli.

Ile ofisi ya Jumatatu! Amelipa ada ya sita. Akanieleza bila kupandisha sauti kwamba nafasi ya jina ilikuwa wazi, akaona vibaya kuiacha. Kwamba anayo karatasi yenye saini ya mtu aliyekataa kuandikwa, na mkia wa saini ile umezungushwa mara mbili. Nikamwambia nusu ya pesa ni yangu. Akasema anajua, ameiandika kama ada ya kunivumilia, na bado hesabu haijafika nusu. Usukani atanipa siku nitakayoijua gia ya tatu. Goti lake halitapelekwa kliniki kwa gia ya pili.

Bwana Honi hakucheka. Angecheka ningekuwa na la kumwambia. Akanifungulia tu mlango wa nyuma, kwa adabu. Nikaingia.

Jeki ilikuwepo. Na ndoo. Amezihamisha kutoka kwenye gari lake, mshenzi yule!

Kliniki goti limekunjika kuliko siku zote. Daktari akauliza safari hii mmefanyaje. Mama watoto akasema gari lina nafasi. Kutoka mlangoni hadi garini alitembea bila mkongojo. Mkongojo niliushika mimi, juu ya ndoo. Mtu angeniona angedhani natabasamu, lakini lilikuwa jua tu.

Jioni nimeomba niliendeshe hadi dukani na kurudi. Akakubali, si mtu mbaya. Akaniletea karatasi ya masharti, kwa mwandiko wake mzuri. Ada ya mafuta. Ada ya kuosha. Ada ya kupiga honi. Ada ya kujisifu njiani. Na ya tano, chini kabisa, ameipigia mstari: ada ya tumbo.

Ada tano! Kwa mume! Anadhani sijawahi kuziona ada mimi? Nimewatoa jasho watu wenye yadi nzima!

Tayari nina mpango, na huu hauna tundu. Kesho asubuhi akinitajia ada hata moja, mimi ni kiziwi. Mkono sikioni, wajukuu hawajambo.

Ila safari hii chai nitakunywa kwanza.