Nyasi za Mama Ciru

Jumatatu, 9 Juni
Mama Ciru, mwenye ploti tunayopanga hapa Kawangware, amepita asubuhi akitafuta mtu wa kumkatia nyasi. Ana malisho makubwa upande wa Ngong. Nyasi imefika kiunoni na anataka ikaushwe, ng'ombe wake wapate chakula kiangazi. Jirani yetu Mburu, mwenye trekta, alikuwa ndiyo anafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema mimi nimekulia kwenye trekta, Kitale.

Ni kweli. Kiasi. Nilikulia juu ya madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, mjomba Shivachi akiwa ameshika usukani. Usukani wenyewe sikuwahi kuugusa. Lakini harufu ile! Nyasi iliyokatwa sasa hivi, dizeli kidogo, na mama akivuka shamba na birika la chai. Miaka yote hii Nairobi sijaisikia tena.

Mke wangu, Kavetsa, ameuliza nani ataendesha. Nimemwambia mambo haya yako kwenye damu.

Jumanne, 10 Juni
Mburu amekubali kuniazima trekta. Nimeshuku ukarimu huo. Tumeenda naye Laini Saba kwa mafundi wanaokodisha mashine za kufunga nyuma ya trekta. Walikuwa na mbili. Moja nyembamba, ina visu vidogo kwenye diski. Nyingine slasha, pana kama mlango wa duka, nyekundu, ya kuheshimika.

Mburu akanishauri nichukue ile ndogo. Eti slasha ni ya kufyeka vichaka, inasagasaga kila kitu. Nyasi ya kukausha lazima ilale chini ikiwa ndefu ndiyo ifungike marobota. Tena trekta yake haina nguvu ya kuzungusha dude lile.

Nikamwelewa mara moja. Anataka Mama Ciru anione na kimashine cha aibu. Nimechukua slasha.

Alhamisi, 12 Juni
Siku kuu. Mburu alinionyesha gia, nikajifanya nakumbushwa tu. Trekta ililia. Kila nilipopanda mwinuko, magurudumu ya mbele yaliinuka kidogo kutoka ardhini. Nilichukulia hiyo kuwa furaha.

Halafu harufu ikaja. Ile ile. Nilikuwa mtoto tena, miguu yangu imefunikwa na mbegu za nyasi, mjomba anaimba wimbo ambao hakuwahi kujua maneno yake. Machozi yakanitoka. Kwa hiyo sikutazama nyuma hadi nusu ya shamba ilipokwisha.

Mama Ciru alikuwa amefika. Aliinama, akachota nyasi mkononi. Ikamwagika katikati ya vidole kama majani ya chai.

"Baba Joan," akaniambia polepole, "hii ng'ombe watakula na kijiko?"

Mburu alitazama pembeni. Ningependelea acheke.

Ijumaa, 13 Juni
Mburu amekata nusu iliyobaki kwa kile kimashine. Hakikulia hata mara moja. Nyasi ililala chini kwa mistari mirefu, ikielekea upande mmoja, kama iliyochanwa. Hivyo ndivyo mjomba alivyokuwa akiilaza. Nilisimama kwenye ua nikiangalia kwa uchungu. Nusu ilikuwa wivu.

Mama Ciru hakunifukuza. Amenipa reki nigeuze nyasi ikauke. Nikageuza mchana kutwa peke yangu. Kitale kazi hii walifanya mama na shangazi zangu wakisengenya watu kwa sauti, na ukipita karibu wananyamaza. Nimewakumbuka sana. Wengi wao hawapo tena.

Jioni Mama Ciru ametuletea uji. Amesema yale makombo ya slasha atatandikia kuku. Kidogo nimefarijika.

Jumapili, 15 Juni
Nimewaza vizuri kanisani. Kosa lilikuwa la trekta. Trekta ndogo inaiaibisha mashine kubwa.

Baada ya ibada, mchungaji ametangaza kwamba Bridgit wa kwaya anaolewa, na uwanja wa kanisa letu pale mtaa wa Olympic umeota nyasi. Ni uwanja mdogo, kwaya mbili zikisimama umejaa. Ameomba kijana mmoja mwenye fyekeo.

Nimeinua mkono. Nimemwambia aniachie mimi. Kuna mtu namjua Narok, ana mashine ya kuvunia ngano, haifanyi kazi msimu huu. Mburu ameuliza itapitaje kwenye geti.

Geti linang'oleka.