Sare ya Kwaya Mbele ya Kamera

Jamani, leo nimeaibika, na safari hii ushahidi wa video upo. Naandika mwenyewe kabla hamjatumiwa na wengine.

Nyie wa mjini hamjui, ila huku kwetu Meru, juu migombani, mvua imebeba daraja la kwenda shuleni. Limebaki gogo. Mwanangu Neema, wa darasa la kwanza, anavuka juu ya hilo gogo kila asubuhi, mimi nyuma nimeshika begi lake kama kamba ya ndama. Diwani tumempigia mpaka akabadilisha namba.

Asubuhi akaja mwandishi wa redio, binti mpole, peke yake, na maiki yenye manyoya. Alinikuta natoka zizini. Gambuti za mume wangu, kitenge kimetoboka, kichwani soksi. (Ndiyo, soksi. Nimesuka juzi.) Nikamwambia, "Ngoja nikabadilishe."

"Dada, redio haina macho," akasema. "Wewe nieleze tu, mpaka msikilizaji alione hilo gogo."

Nikaeleza. Wenzangu, nilieleza! Gome lilivyoota ukungu wa utelezi, maji yanavyounguruma, watoto wanavyovua viatu na kuvitupa ng'ambo kwanza ili mikono ibaki mitupu. Akaniambia nilikanyage gogo lilie. Nikalikanyaga, likalia. Muda si mrefu nikawa hewani, maneno yangu yote, hawakukata hata kikohozi. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuusifia hata ugali wangu, alifuta machozi. "Mama Neema, kumbe una maneno!"

Diwani naye akapiga simu redioni. Ati amesikia kilio cha wananchi na suala hilo analifanyia kazi. (Hiyo kauli naijua. Maana yake ni kwaherini.)

Mchana nikaambiwa TV wanakuja. Wamesikia redio, wanamtaka mama yule yule.

Hapo ndipo akili iliponihama. Kama redio haina macho, TV si inayo? Basi nikaoga. Nikavua soksi. Nikapaka wanja. Nikavaa nguo yangu nzuri kuliko zote, ambayo kusema kweli ni ya kwaya: sare mpya, zambarau, ya kung'aa, tuliyokatazwa kuigusa kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Na viatu vya kisigino. Kwenda mtoni.

Walikuja wawili, mpiga picha na kaka mmoja mtangazaji, juu koti la suti na tai, chini kaptula na ndala. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu.

"Samahani dada, tunamtafuta yule mama mwenye shida ya daraja."

"Ndiye mimi."

"Yule wa redioni?"

"Nimeoga."

Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Wakaniomba nikavae vya shambani, watazamaji wataniamini zaidi. Nikakataa. Kilichobomoka ni daraja, si mimi! Nikasimama wima, nikaanza kama asubuhi: "Ndugu watazamaji, mbele yangu kuna gogo, na chini ya gogo kuna mto..."

"Dada," akanikatiza, "gogo tunaliona. Mto tunauona. Usitueleze. Vuka."

"Nivuke niende wapi?"

"Popote. Halafu urudi."

Nikavuka. Jua limekaa vibaya, rudia. Nikarudia. Nimeangalia kamera, rudia, safari hii nifanye kama wao hawapo. Mwanaume mzima amechuchumaa mtoni na mashine begani, mimi nifanye kama hayupo! Hasira zikanipanda. Nikageuka katikati ya gogo nimpe ukweli wake, kidole kimeshanyooka.

Kisigino kilibaki kwenye gogo. Mimi sikubaki.

Mchana ule maji hayakuwa mengi tena. Matope ndiyo yalikuwa mengi. Nilikaa humo na zambarau yangu, kidole bado kimenyooka. Hakuna aliyenipa mkono. Mpiga picha alisema neno moja tu: "Safi."

Mama mkwe kutoka ukingoni: "Mama Neema, hiyo si sare ya kwaya?"

Jioni tukajazana sebuleni kwa jirani kuangalia taarifa ya habari. Nilitegemea walau sentensi yangu moja. Mdomo wangu ulionekana unaenda, lakini sauti ilikuwa ya yule kaka wa kaptula: "Wakazi hawa wanavuka kwa hofu." Halafu nikaanguka. Halafu wakanirudisha juu, nikaanguka tena, polepole, mpaka mishono ya sare inahesabika. Asubuhi nilikuwa hotuba nzima. Jioni nimefupishwa, nimekuwa chubwi.

Neema akasema, "Mama, mimi sijawahi kuanguka."

Simu ikaita. Diwani, kwa namba yake mpya. Safari hii hakusema analifanyia kazi. "Mama, wakubwa wameona. Mbao zinashushwa kesho asubuhi. Nakuomba sana, usirudi pale na kamera."

Nikakata, ikaita tena. Mwenyekiti wa kwaya. Hata Bwana Asifiwe hakusema.

Kwa hiyo daraja tumepata, kwaya sina uhakika. Nyie wachache mlioshanitumia ile video mkaweka na vikatuni vya kucheka, namba zenu ninazo. Kesho asubuhi, kubeba mbao. Mje na gambuti.