Kiwanda cha Barafu cha Magara na Tishio la Magaidi

Waheshimiwa wajumbe wa kamati, waheshimiwa wasaidizi wa wajumbe, viongozi wa dini, wakuu wa vyama vya wavuvi, wamama wauza ndagala, wale dagaa wetu wadogo, wageni wetu kutoka Gatete na Kigwena, nanyi mliokuja kwa sababu mlisikia kuna Fanta: amahoro! (Umati: "Amahoro! Fanta iko wapi?")

Mimi, Darius, Mratibu Mkuu wa Uwekezaji, Sekirite na Mambo Yanayofanana na Hayo, mwenye sertifika tatu za semina, nasimama hapa Magara, kando ya ziwa letu, bila karatasi (anafungua karatasi) kuwaeleza kisayansi jinsi ugaidi unavyoathiri uwekezaji wa kigeni katika uchumi unaochipukia kama wetu. Mtaji wa kigeni, ndugu zangu, ni mwoga: ukisikia bomu limelipuka hata nchi ya tatu kutoka hapa, unarudi uwanja wa ndege bila kuonja mukeke, samaki wetu mtamu. Etidi, yaani utafiti, niliyoifanya mwenyewe, nikaisahihisha mwenyewe na kujipongeza, inaonyesha kwamba asilimia tisini na nane nukta nne ya wawekezaji hawapendi kulipuliwa. (Makofi. Mmoja anauliza hao waliobaki ni akina nani.)

Ndiyo maana miezi minane iliyopita, ili kiwanda chetu cha barafu ya samaki kipate pa kukaa kwa usalama, niliamuru vichanja vya Mama Marcelina vya kuanikia ndagala viondolewe ufukweni, kiwanja kizungushiwe mabati na kuwekwa kibao kikubwa: HATARI YA MAGAIDI, USIKARIBIE.

(Mama Marcelina anasimama: "Mheshimiwa, tangu siku ile naanika uani. Kuku wanakula nusu, mvua inaozesha nusu. Mimi sina kazi nyingine. Hicho kiwanda kiko wapi?")

Swali zuri sana, mama, keti. Mwezi wa nne gari la kigeni lilipita barabarani, likapunguza mwendo, likasoma kibao chetu, likageuza pale pale. Hayo ndiyo madhara ya ugaidi, tumeyaona kwa macho yetu!

(Bahizire, mnunuzi wa samaki: "Ni kibao yako ndiyo ilimukimbiza, patron!" Kicheko kirefu. Watu wanaanza kuteremka ufukweni.)

Msiondoke, bado kaulimbiu! Sekirite kwanza! (Ndagala kwanza!) Barafu baadaye! (Ndagala leo!)

Kwa kumalizia, nawashukuru kwa uvumilivu wenu, nami kwenye rapo, yaani ripoti yangu, nitaandika kwa fahari kwamba kwa miezi minane magaidi wameshindwa kubomoa hata tofali moja la kiwanda hiki, kwa kuwa, tuambiane ukweli, hatujaweka hata moja, na hakuna mwekezaji hata mmoja tuliyemwandikia barua. Murakoze cane!

(Watu wote wameshateremka ufukweni. Mabati yameshang'olewa, kibao kimelazwa mchangani, na Mama Marcelina anaanika ndagala zake juu yake.)