Macho ya Yaya Abigaïl na Burashi Yangu

Siku ya Kwanza, tarehe 9 mwezi wa sita

Tangu leo mimi ni fundi wa kupamba macho. Sijasomea. Masomo mengine pia niliacha katikati na sijafa.

Sababu ni yaya Abigaïl, dada yangu mukubwa. Siku ya Posho, Jumamosi hii, banakuja kumutolea mahari hapa kwetu Katuba. Lakini mama ya bwana wake, Mama Constance, alishasema mbele ya bantu kwamba ule binti anafanana na muntu mwenye usingizi, sasa atapika saa ngapi. Yaya alisikia. Alijiangalia mu kioo mpaka chai yake ikapoa.

Ni macho ya kwetu yale. Ngozi ya juu inashuka kama pazia, inafunika kope yote. Nkambo, bibi yetu, alikuwa nayo, mama iko nayo. Mimi pia, lakini kwangu inaongeza uzuri.

Yaya anataka kumuita Cathy wa saluni ya ku kona, yule niliyesoma naye. Nimemuambia asihangaike, mimi niko hapa. Akauliza niko hapa kama nani.

Siku ya Pili, tarehe 10

Nimeangalia video. Mwanamuke alikuwa na macho ya pazia kama yetu. Fundi akamuambia afumbe, akapaka zambarau, akapaka dhahabu, kope ikawaka kama jua likizama nyuma ya ule mulima mweusi wa mabaki ya shaba. Nilisahau kufunga mudomo. Kisha fundi akasema: sasa fungua macho, tuanze kazi yenyewe. Hapo mega za simu zikaisha, video ikakatika.

Hakuna neno. Kazi ilikuwa imeshaisha, nimeiona.

Siku ya Tatu, tarehe 11

Nilitafuta muntu wa kujaribia. Mama alisinzia ku kiti baada ya kula. Nikapaka polepole, pumzi nimeshika. Zambarau. Dhahabu. Mustari mweusi.

Nikarudi nyuma, nikaangalia. Nimezoea kumuona mama mu moshi wa makala ya jiko, na unga ku mikono. Kumbe iko muzuri vile. Malkia amelala mu kiti chetu cha plastiki na mimi sikuwa najua. Nikapiga foto. Macho yangu yalitoa maji, lakini vumbi ya mwezi huu inajulikana.

Aliamuka, akafungua macho, rangi yote ikaingia ndani. Hakujua kitu. Akaenda ku maombi.

Alirudi moto. Alipofumba macho kusali, bamama benzake bakaona kope zake, bakafikiri ni ugonjwa, bakamuwekea mikono yeye peke yake mpaka mwisho. Nimeuliza tu: kama bote balikuwa bamefumba macho, nani aliona? Nimekula bukari, ugali wetu, bila mboga.

Siku ya Ine, tarehe 12

Cathy amekuja kuniharibia. Amemuambia yaya kwamba macho ya namna yake yanapakwa yakiwa wazi, anaangalia mbele mu kioo, na rangi inakaa juu ya mukunjo, pale ngozi haiifuniki. Nimemuuliza nani anapaka mulango ukiwa wazi. Akajibu: Michée, mulango unapakwa pale bantu banapouona.

Yaya alianza kuinama upande wake. Nikatoa foto ya mama. Yaya akaishika muda murefu. Akauliza kidogo kidogo: huyu ni mama?

Kazi ni yangu. Cathy amealikwa kula tu.

Siku ya Posho, tarehe 14

Niandike vizuri, juu ni siku kubwa.

Yaya aliingizwa amefunikwa kitenge, kama desturi. Akakalishwa, kichwa chini, macho chini, haangalii muntu. Mashangazi bakafunua kitenge. Nyumba yote ikasema eee. Kope zile! Mama Constance aliweka glasi chini. Nilisimama karibu na Cathy ili anione vizuri.

Kisha mujomba Bwalya akauliza kama inavyoulizwa: binti, unabajua bantu hawa? Tupokee mali yao? Inua uso, ujibu.

Yaya akainua uso. Zambarau ikaingia. Dhahabu ikaifuata. Ule mustari, ambao ulikuwa haujakauka, ukajipiga muhuri juu ya macho, vipande vipande. Mama Constance akamuambia jirani yake, na bote tukasikia, kwamba binti ameamuka na uzuri umeenda kulala.

Yaya akafungua mudomo. Sauti haikutoka. Na bila jibu lake hakuna kupokea, hakuna ndoa.

Mujomba akakohoa. Akasema kwanza kuna shida, koti aliyoletewa mu mahari iko fupi ku mikono. Bakaanza kubishana. Mimi ninajua ile koti ilimukaa sawa kabisa.

Cathy akamuvuta yaya mu chumba. Nikashika kioo. Akapangusa kila kitu na mafuta. Akasema: usifumbe, yaya, jiangalie. Akaweka rangi ya udongo kidogo juu ya mukunjo, na mustari mudogo ku pembe ya inje tu. Basi. Nilingoja dhahabu, haikuja.

Lakini nyuma ya kile kioo, mimi nilimuona yaya akijiona. Sijui kuandika ile. Yalikuwa macho yale yale ya nkambo, na pazia yake, lakini muntu alikuwa amesimama ku dirisha.

Alirudi, akainua uso, akamuangalia Mama Constance moja kwa moja. Akasema: ninabajua. Pokeeni.

Aliyetangulia kushusha macho ni Mama Constance. Kisha vigelegele, na mujomba akavaa koti.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Mama Constance ametuma muntu aulize nani alipamba yale macho. Cathy hakuwa hapa. Nikasema mimi. Kwani nani alianza?

Cathy amepata habari, amekuja kuniuliza jana nilijifunza nini. Nikamuambia ukweli: siri yote iko ku yule anayeshika kioo. Amecheka mpaka akakaa chini. Ni wivu tu.

Kesho Mama Constance anakuja tujaribu. Nimemuangalia vizuri, naye iko na pazia, tena nzito kuliko ya kwetu. Anataka akae mbele siku ya ndoa ku komine, ofisi ya serikali, na kila muntu amuone. Kiti kiko tayari. Zambarau iko, dhahabu imebaki nyingi.

Neno la kwanza nitamuambia: Mama, fumba macho.