Sahani Iliyopaa Juu ya Ruring'u

Leo nimejiaibisha mbele ya jeshi, na ni afadhali mnisikie mimi kabla hamjawasikia watu wa Ruring'u.

Jana nilikuwa kwenye bucha ya Baba Njeri, mezani pangu karibu na kioo cha dirisha, nikingoja supu. (Chumba cha nyuma ndipo ninapolala, kwa hisani yake. Kumbukeni hilo.) Mawingu yalikuwa meusi. Nikaona chombo angani! Cha mviringo, kinang'aa, kimeelea juu ya uwanja wa michezo. Kikatikisika. Nikakipiga video, nikaisambaza kote. Hata nikaandika kwamba kinalia krii, krii.

Leo asubuhi gari la jeshi likasimama mlangoni. Wakashuka wanajeshi watatu. Wateja wakayeyuka. Baba Njeri akaniinamia sikioni: "Maina, hawa watu wakinifungia bucha, utafute pengine pa kulala."

Nje nikawa profesa. (Shule niliiacha darasa la saba, lakini mambo ya anga nimeyasoma sana kwenye simu.) Nikawaonyesha kilikotokea, upande wa mlima. Nikakadiria kinabeba abiria wanane. Walitazama mawingu kwa darubini mpaka shingo zikawauma. Wapi!

Baridi ikatushinda, tukaingia ndani. Mkubwa wao akaagiza nusu kilo ya kukaanga. Nikarudi mezani pangu, nikatazama kioo.

"Afande, hicho hapo! Kinashuka!"

Wawili wakatoka mbio. Mkubwa hakutoka. Alinitazama mimi, akatazama mizani ya Baba Njeri, ile ya kuning'inia kwa minyororo. Akaiondoa nyama kwenye sahani ya mizani.

"Na sasa?"

"Kimepanda tena, afande."

Akaisukuma sahani kwa kidole. Krii, krii.

"Na sasa?"

"Kinatikisika. Na hiyo sauti, si niliwaambia?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka polepole. Sahani ilikuwa inabembea chini ya taa, imesuguliwa ikang'aa. Nikakigeukia kioo. Ilikuwa inabembea huko pia, juu ya uwanja wa michezo.

Wale wawili wakarudi wakihema, wakasema ati huko nje hakuna kitu.

"Chombo kimepatikana," mkubwa akawaambia. "Hakuna abiria wanane. Ni nusu kilo, tena na mfupa."

Walicheka mpaka nyama ikaungua. Baba Njeri alijaribu kujizuia, akashindwa, akajificha nyuma ya mguu wa ng'ombe. Bucha haikufungwa. Kufikia mchana ilikuwa imejaa watu wanaotaka kukaa kwenye meza yangu.

Pa kulala bado ninapo. Ila kuanzia kesho, kila asubuhi kabla ya supu, ni lazima nikisugue kile chombo kwa majivu, mbele ya wateja.

Mkija, tafadhali agizeni nyama tu. Msiniulize kama kimetua.