Chikori Yangu na Ugali wa Wakwe

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji na mbele ya mbuzi waliofungwa kwa kamba.

Tumbo langu lilikataa kahawa. Daktari akaniambia niiache kahawa ama niache kulalamika. (Mimi bila kahawa ni mtu mbaya. Muulizeni bwanangu.) Nikaona kwa simu kuna mzizi unaitwa chikori. Unaukatakata, unaukausha, unaukaanga mpaka uwe mweusi-mweusi, unausaga, halafu unaunywa kama kahawa na tumbo halisemi kitu. Hata kwa keki watu wanatia. Rafiki yangu anayelima kule kwa baridi akanitumia nusu gunia. Nikaianika juu ya mabati hapa kwetu Kathonzweni, na mnajua jua letu, siku tatu kazi ilikuwa imeisha. Jana nikaikaanga kwa sufuria. Harufu yake ilifanya majirani wawili waje kusalimia bila sababu.

Sasa leo. Leo wakwe walikuwa wanakuja. Mdogo wangu Mwende ameposwa na kijana anaitwa Muthui, mtu wa Kanyangi, Kitui, na watu wao walikuwa wanaleta mbuzi za ntheo. Kwetu Ukambani, ntheo ikipokewa, msichana ameshakuwa wao. Mbuzi zikirudi nyumbani, hakuna harusi, hata kama gauni limeshonwa. Na la Mwende limeshonwa.

Mwaitu, yaani mama yetu, akanipa kazi mbili: nisage mahindi ya ugali, na nitengeneze kitu kitamu cha kumalizia. Nikajua siku yangu imefika. Wakwe watakula keki ya chikori, watakunywa maziwa ya chikori, na kule Kanyangi nitaongelewa kwa miaka. (Hiyo ya kuongelewa imeshatimia.)

Asubuhi mapema nikafika posho mill na mahindi debe mbili na mkoba wangu wa chikori. Nilikuwa nimejaribu kuitwanga kwa kinu nyumbani nikashindwa, kwa sababu ile mizizi ikikauka ni kokoto. Mwenye mashine, mzee Kioko, akachungulia ndani ya mkoba akauliza kama ni makaa. Nikamwelewesha. Akaniambia kwa upole tuanze na mahindi, hicho kitu changu kiwe cha mwisho, ndio apate nafasi ya kusafisha mashine. Lakini mimi na ujuaji wangu! Nikakataa. Nikamwambia chikori ni ya keki, na sitaki ichanganyike na vumbi la mahindi ya watu. Mzee akanitazama, akamwaga chikori kwanza.

Ikatoka laini, rangi ya udongo wa shamba letu. Nikaipakia. Halafu mahindi yakamwagwa, unga ukaanza kuingia gunia, na mimi wakati huo nilikuwa nje napiga picha ya chikori niwatumie nyinyi. Gunia lilipojaa nikafungua mdomo wake kidogo. Unga mweupe kama theluji ya kwa kalenda. Nikaenda zangu. (Wale mmewahi kusagisha mmeshajua. Nyamazeni, wengine wasome.)

Nyumbani nikaingia kwa keki. Nikaioka kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, ikaiva vizuri mpaka nikajipongeza. Wamama wa kanisa ndio walikuwa kwa ugali. Wakapika ya wanakijiji kwanza. Nyeupe, haina neno. Ya meza ya wakwe ikapikwa mwisho kabisa ndio ifike ikiwa moto, na ikapikwa na unga uliobaki chini ya gunia. Na chini ya gunia ndiko ulikaa ule unga wa kwanza, uliotoka na mabaki yote ya chikori kwa mashine. Wale wamama waliuona ni wa kahawia. Wakadhani nimetia wimbi. Wakasifu, eti Mbithe, yaani mimi, amewajali wageni.

Ugali ikafika mezani imeiva, kahawia, inang'aa. Muthui kwa furaha yake akala karibu nusu sahani. Shangazi yake, mama mmoja wa kofia nyeusi anaitwa Kavinya, ndiye msemaji wa wanawake wao. Akakata tonge moja. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Halafu akanyoosha mkono akamnyang'anya Muthui sahani.

Akauliza, "Hii ugali imewekwa nini?"

Watu wote chini ya hema la wageni wakaacha kula. Mnajua vile watu husema juu ya sisi Wakamba na dawa ya mapenzi, ile ya unga-unga, inayotiwa kwa chakula cha mwanamume. Mchungaji akarudisha nyama kwa sahani. Wamama wa jikoni wote, wote bila aibu, wakanigeukia mimi, wakasema unga umeletwa na Mbithe.

Nikasimama kujitetea. Nilikuwa na maneno mengi mazuri kichwani. Yaliyotoka ni haya:

"Ni mzizi tu. Nimeukaanga mwenyewe."

Mzee mmoja wa upande wao akainuka polepole, akaenda mahali mbuzi walikuwa, akaanza kufungua kamba. Mwende akaniangalia. Hakulia, aki, ingekuwa afadhali angelia. Niliumia mpaka nikataka ardhi ipasuke.

Nikaeleza chikori ni nini. Nikaeleza tumbo langu, mashine ya Kioko, kila kitu, hadi picha nikaonyesha. Shangazi Kavinya akanisikiliza mpaka mwisho. Akavuta ile ugali yote, akaisukuma mbele yangu.

"Kula."

Nikala. Nimesimama, bila mchuzi, kijiji chote kikiangalia. Nyinyi mkinywa chikori na maziwa na sukari mnaiona tamu. Kwa ugali ni mwarobaini. Nilipomaliza, akaagiza keki na maziwa ya chikori viletwe, nikala keki, nikanywa maziwa, wao wakiningojea. (Sijui walikuwa wanangoja nianguke ama nimpende Muthui.) Muda ukapita. Sikuanguka. Na Muthui bado naona ana masikio makubwa.

Ndipo Shangazi akaonja keki yangu. Akachukua kipande cha pili. Cha tatu akakifunga kwa leso akatia kwa mkoba. Yule mzee akafunga mbuzi tena, maombi yakafanywa, ntheo ikapokewa. Mwende akanikumbatia mbele za watu, na hapo kwa kukumbatia akanifinya mbavu hadi sasa zinauma.

Ningeshukuru kama ingeishia hapo. Lakini wakati wa kuaga Shangazi Kavinya akaomba nafasi, akasimama, akasema watu wote wasikie:

"Msichana tumempenda. Keki ya harusi ataoka huyu dada yake. Lakini unga wa ugali tutakuja nao kutoka Kanyangi."

Mchungaji akasema amina. Wakwe wetu watakuja kula kwetu wakiwa wamebeba gunia lao, na nyinyi wenye meno mengi, siku hiyo mimi ndiye nitapokea hilo gunia mlangoni na sitaki kuona jino la mtu, kwa hivyo chekeni leo mmalize.